Tukio Hili Litaripotiwa

Niliisikia sauti kabla sijaona chochote. Ufunguo ulikuwa umeingia kitasani, mkono wangu haujaugeuza, na ndani ya chumba kilichofungwa kwa siku nne mwanamume akasema kwa upole, kama anayewaamsha watoto: "Saa sita na dakika kumi. Hifadhini kazi zenu, adhuhuri imekaribia."

Nilimjua: fundi wetu wa kompyuta. Siku nne nyuma nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, tukalitazama jeneza lake likitoka mlangoni, tukasikiliza tahlili ikififia upande wa makaburini. Sasa alikuwa humo ndani, ananikumbusha nihifadhi kazi.

Niligeuza ufunguo kwa sababu sikujua la kufanya zaidi. Hapakuwa na mtu. Kompyuta nne zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya kanga alivyovishona mkewe. Ya tano, ile kubwa ya kona, inayoziendesha nyingine zote, ilikuwa macho. Hakuna aliyekumbuka kuizima, na betri za paneli ya juani zilikuwa zimeilisha siku zote hizo. Maelezo niliyajua: fundi alijirekodi mwenyewe, akaipangia mashine ratiba kwa akaunti yake, itoe sauti yake kila siku saa hiyohiyo. Niliyajua, na bado nilisita kuvuka kizingiti.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la nguo na vyombo pale Kilindoni, kisiwani Mafia. Miaka ile hifadhi ya bahari ilikuwa imekwishazoeleka kisiwani, watu wakizungumzia mipaka yake kama uzio wa jirani mkorofi kidogo. Askari wa hifadhi walikuja kwetu kuchapa ripoti za doria. Vijana wanaotembeza wageni Ghuba ya Chole walikuja kujifunza majina ya samaki kwa lugha za watu. Akina mama wa mwani walikuja kuandikiwa barua za maombi. Mimi nilikuwa msaidizi wa fundi, na mashine zikiwa tupu niliandika hadithi ambazo sikumwonyesha mtu.

Kompyuta zetu zilitumia mfumo huria, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua na kuurekebisha. Wateja wengine walidhani huria maana yake kila mtu afanye atakalo. Fundi aliwacheka.

"Msikiti nao ni wa kila mtu," alisema, "lakini si kila mtu anashika funguo."

Kila mtumiaji alikuwa na akaunti yake, mithili ya chumba chake ndani ya nyumba. Lakini kugusa mambo ya nyumba nzima, kumwingiza mtu, kumtoa, kubadilisha ratiba, lazima uwe katika kundi la wasimamizi. Na hata ukiwa humo, mashine inakudai kwanza neno la siri. Fundi aliiita hodi. Bisha mara tatu, usipojibiwa ondoka na adabu yako. Ndivyo alivyoipanga kweli: ukikosea neno mara tatu, akaunti inajifunga mpaka kesho yake. Kundi la wasimamizi lilikuwa na watu wawili, yeye na mimi, na mimi niliingizwa humo zaidi kwa kupendelewa kuliko kwa ujuzi.

Alipoanza kuumwa aliniita kitandani pake.

"Chukua daftari. Nikushikishe neno langu la siri, na mambo mengine."

"Usijichurie, fundi. Utapona."

"Sisemi nakufa. Nasema andika."

"Nikiandika leo nitakuwa nakugawa mirathi ungali hai. Sitaki."

Kwetu, mtu anayempokelea mgonjwa vitu vyake anaonekana amemfungulia mlango wa kutokea. Niliamini namlinda. Aliniomba tena wiki iliyofuata, nikamtania hadi akacheka. Mara ya mwisho hakuomba, alinyoosha tu mkono kuelekea daftari lililokuwa dirishani, nami nikajifanya nadhani anataka maji, nikampa maji. Akanywa. Nimehesabu baadaye, kwa kuchelewa kama ilivyo kawaida yangu: alibisha mara tatu.

Basi sauti ikaendelea. Siku za kwanza wateja walishtuka, kisha wakaipenda. Saa sita na dakika kumi ikifika chumba kizima kilinyamaza. Askari mmoja wa hifadhi, mtu mzima mwenye sharubu, alikuwa akivua kofia. Binti mmoja alisema ni dalili ya mtu mwema, kwamba amali yake haijakatika. Mimi nilijiona mwema pia kwa kutoigusa ile ratiba. Ni mwenye duka peke yake aliyelalamika. Familia yake ilitoka Bara Hindi vizazi vitatu nyuma, na yeye alikuwa Mmafia kuliko wengi wetu, kwa ulimi na kwa ubishi.

"Binti, mimi wapangaji wangu wakifa huwa wananyamaza."

"Anakumbusha swala, mjomba."

"Muadhini yupo, na yuko hai! Tena huyu wako anamtangulia kila siku, hata aibu haoni."

Siku ya kumi na tano hivi, mjane akaniita.

Nyumba yao iligusana mgongo kwa mgongo na chumba chetu. Alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi za kukaa na kutotoka, amevaa nguo zisizo na rangi, viganja vyake vilivyofunga mwani pwani ya Ndagoni kwa miaka vikiwa vimelala mapajani kama vitu alivyoazimwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo. Karibu na ukuta."

Nilikaa. Aliitazama saa ya mezani, nami nikaitazama. Kisha ukuta ukasema. Haukusema maneno, maana matofali yalikuwa yameyala. Ulibaki mwendo wa sauti tu, kupanda kidogo na kushuka, kama mtu anayekuita kutoka chumba kingine bila kujua umelala.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Maneno?"

"Hapana."

"Basi hata mimi. Nasikia ananiita, sijui ananiitia nini, na mimi nimekatazwa kutoka." Alinyoosha kanga magotini. "Watu wanakuja kunipongeza. Mwenye duka ameniletea halua. Eti nina bahati, mume wangu bado anasikika. Nimekula halua yake, sikumwambia kitu. Wewe nakwambia. Mwambie anyamaze."

Sikuwa nimewaza hata mara moja kwamba upande wa pili wa ukuta kuna mtu. Nilikimbia nikachomoa spika. Kesho yake nilirudi, nikimtarajia amepumua.

"Umetulia, shangazi?"

"Masikio yametulia. Lakini si bado anasema?"

Ilikuwa kweli. Mashine ilikuwa ikitimiza ratiba yake, ikimcheza mpaka mwisho wa neno, kwenye waya usiofika popote.

"Umemziba mdomo," akasema. "Mtu aliyemaliza kazi hazibwi mdomo. Anavuliwa kazi, anakwenda zake. Nataka nikitoka ndani humu, na yeye awe ametoka."

"Kabla eda haijaisha, wallahi, nitakuwa nimemvua."

Niliapa kwa wepesi kwa sababu nilikuwa msimamizi. Amri mbili tatu, na akaunti ya marehemu ingekosa mamlaka, na ratiba yake ingefutika. Nilipokaa mbele ya kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, mkono ukasita. Folda yake ilikuwa imefungwa, ilifunguka kwa kundi lake dogo tu, lile ambalo kila akaunti huzaliwa nalo. Kwa mamlaka niliyokuwa nayo ningeweza kuipita ile kufuli bila kuuliza mtu. Niliona ni kuvunja mlango wa maiti. Nikataka niingie kwa adabu: nijiongeze kwanza katika kundi lake, nisome mambo yake kama mtu wa nyumbani, ndipo nifute.

Amri ya kumwongeza mtu kwenye kundi ina herufi moja ndogo inayoiambia mashine: mpe hili juu ya yale aliyonayo. Ukiisahau, mashine inaelewa: mpe hili, mnyang'anye yote mengine. Niliisahau. Mashine haikusema neno, maana zile mashine ukikosea kwa ufasaha hazikukosoi. Nilitoka, nikaingia tena, folda ikafunguka, nikaliona faili la sauti limelala humo. Nikaandika sudo, lile neno la kuomba mamlaka, na amri ya kufuta. Ikaniomba neno langu la siri. Nikaliandika sawasawa. Ikanijibu, kwa Kiingereza chake kikavu, kwamba mimi simo katika orodha ya wasimamizi, na kwamba tukio hili litaripotiwa.

Nilijaribu tena. Tukio hili litaripotiwa.

Litaripotiwa kwa nani? Nilitazama chumba chote, utadhani kuna wa kumuuliza. Msimamizi alikuwa amebaki mmoja tu, na nyasi zilikuwa zimeanza kuota juu yake.

Ziko njia za kuizima mashine na kuiwasha kwa hila ili uingie bila kuulizwa. Nilizijua baadaye, na nilipozijua niligundua fundi alikuwa ameziwekea kufuli pia. Wakati ule nilijua kubisha tu. Kila asubuhi nilipowasha, majina yalijipanga kwenye kioo, lake la kwanza, langu la pili, na kila asubuhi nilijaribu amri ileile nikitumaini mashine imesahau. Haikusahau. Mchana, saa sita na dakika kumi, katika orodha ya kazi zinazoendelea, mstari wenye jina lake uliibuka, ukakaa sekunde saba, ukazama. Wateja walikuwa wakichapa mambo yao. Ni mimi peke yangu niliyemwona akisema.

Nilimweleza mwenye duka, kwa kuwa lazima umwambie mtu.

"Ngoja nielewe. Mkubwa wako wa kazi ni marehemu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na kila ukikosea anapelekewa habari?"

"Nadhani."

"Basi omba likizo. Hatakukatalia." Alicheka, akaacha, akautazama mlango wa chumba. "Lakini usiombe kwa sauti."

Mjane sikumwambia. Nilipokwenda kumjulia hali aliuliza kwa macho, nami nikasema, "Bado kidogo, shangazi." Kisha nikapunguza kwenda. Ni jambo la aibu kumkwepa mtu ambaye hawezi kutoka kukufuata.

Eda ikaisha. Siku ile nilikuwa peke yangu chumbani, wateja wameenda kula mapema, nikasikia "hodi" mlangoni. Mara moja tu, ya mtu anayejua yuko wapi. Alikuwa ameoga, amevaa kanga mpya yenye rangi, na jua la nje lilikuwa limemfanya akunje macho. Nilisimama. Kabla hata ya kumwamkia nilianza kulia, nikamweleza yote kwa mpigo: kundi, herufi, mamlaka niliyojivua mwenyewe, na kwamba fundi bado anasema kila siku, na hakuna aliye hai anayeweza kumwambia basi.

Alikisikiliza kilio mpaka kikaisha.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize nini, shangazi?"

"Neno lake."

"Wewe unalijua?"

"Yule mtu alikuwa akitafuta kofia iliyo kichwani pake. Unadhani angelikumbuka neno lenye namba? Kila akibadilisha alinishikisha mimi, akanisomesha kama mtoto wa chuoni, nililisoma kwa moyo mpaka akaridhika. Asubuhi akitaka kwenda kazini ananiuliza mlangoni."

Nilikaa chini. Miezi yote ile ufunguo wa nyumba nzima ulikuwa upande wa pili wa ukuta, kifuani mwa mwanamke ambaye hakuwa na hata akaunti. Hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa alikuwa mfunga mwani, na kwa kuwa alikuwa mjane, na kwa kuwa mimi niliona haya.

"Ninayo matatu," akasema. "La mwisho ni lipi sina hakika. Siku zake za mwisho alibadilisha sana."

"Tukikosea mara tatu inajifunga mpaka kesho."

"Najua. Hodi." Akavuta kiti. "Andika: chumvi haijakolea. Herufi ya kwanza kubwa, usiache nafasi. Mwisho tia tatu."

Niliandika. Ikakataa.

"Enhe. Basi andika: samahani imekolea. Nne."

Nilimgeukia.

"Usinitazame mimi. Kwa kuulaumu mchuzi wangu alilala na njaa siku ile, ikabidi aombe radhi hata kwa kompyuta yake."

Nilibonyeza. Kioo kikawa cheusi, kisha pazia likafunguka, na tulikuwa ndani.

Kitu cha kwanza kilichotokea kilikuwa barua. Zile mashine zina posta yao ya ndani, na zote zilikuwa zimeandikiwa yeye, zimejaa ukurasa mzima na kupita chini. Kila moja ilikuwa na jina langu, siku, saa, na amri niliyojaribu. Nilimsomea mjane kwa Kiswahili: mtumiaji huyu amejaribu kutumia mamlaka asiyokuwa nayo. Mtumiaji huyu amejaribu tena. Asubuhi zangu zote zilikuwa pale, zimepangwa, zimemfikia.

Mjane alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Miezi yote hii ulikuwa ukijishitaki kwake!"

"Angenijibu nini, shangazi?"

"Angekujibu, soma kabla hujabonyeza."

Ilikuwa sauti ya fundi kabisa, ile ya kupanda kidogo na kushuka.

Nilifanya kazi polepole, nikizisoma herufi kwa sauti. Kwanza nilijirudisha mimi katika kundi la wasimamizi, maana ukimvua aliyepo kabla hujamvika anayekuja, nyumba inabaki bila mwenyewe. Kisha nikafungua ratiba. Ulikuwa mstari mmoja tu. Namba za saa na dakika, na njia ya kufikia faili la sauti.

"Huyu ndiye," nikasema.

"Mfupi hivi?"

"Mfupi hivi. Bonyeza wewe, hapa."

Alibonyeza kwa kidole gumba, jinsi wanavyokaza fundo la mwani kwenye kamba. Mstari ukatoweka. Nilimtoa fundi katika kundi, nikaifunga akaunti yake, kisha nikaita orodha ya wasimamizi nione. Lilikuwamo jina moja, langu. Sijapata kuona jina langu likiwa limeachwa peke yake namna ile. Tangu siku hiyo ripoti za kila anayekosea zilikuja kwangu, na mpaka leo nikiwa bara, nikiandika kwa mashine ya mtu mwingine, nikikosea neno la siri huwa nageuka kuangalia nyuma.

"Na sauti yenyewe?" nilimuuliza. "Faili lipo. Nikilifuta halirudi."

Alikitazama kioo kana kwamba kitamsaidia.

"Lisikiwe na nani?"

"Ukitaka, na wewe tu. Nitakufungulia akaunti, nilifanye mali yako, nilifunge asilisome mtu mwingine." Uaminifu ukanibana, nikaongeza: "Isipokuwa msimamizi. Msimamizi anaweza kufungua kila kitu."

"Msimamizi si wewe?"

"Ni mimi."

"Basi nimesikia," akasema.

Nilimfungulia. Mashine ikadai neno la siri la mtumiaji mpya.

"Chagua neno, shangazi, niliandike."

"Si lipo lile la tatu?"

"Liseme."

"La tatu halikuwa la mashine. Aliniambia mimi tu." Akaivuta kibodi upande wake. "Geukia huko."

Niligeukia ukutani, ule ule ukuta, safari hii nikiwa upande wa pili. Nyuma yangu vitufe vililia kimoja kimoja, vikisubiriana, maana alikuwa akizitafuta herufi. Mashine hutaka neno liandikwe mara mbili. Mara ya pili aliandika kwa haraka kidogo. Nilijizuia kuhesabu herufi.

"Imekubali?" nikauliza.

"Imekubali."

Sikulifungua lile faili, si siku ile wala siku yoyote kabla sijaondoka kisiwani, na zilikuwapo siku ambazo nilitaka.

Ilikuwa imekaribia saa sita na dakika kumi. Mjane akauokota ule waya wa spika uliokuwa sakafuni miezi yote ile, akanipa.

"Chomeka."

Nilichomeka. Spika ikatoa mngurumo mdogo wa kuamka, kisha ikatulia. Tulikaa tukiangalia saa ya kona ya kioo. Ikaandika kumi. Feni ya mashine ilikuwa ikizunguka, na nje kwenye duka mtu alikuwa akibishana juu ya sufuria. Mjane alikuwa ameinamisha kichwa upande, sikio limeelekea kona, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kuvaa viatu. Ikaandika kumi na moja.

Akasimama, akachukua kitambaa cha kanga kilichokuwa juu ya kiti, akaifunika ile mashine kubwa ikiwa bado inawaka, akazinyoosha pembe zake mbili. Kisha akatoka bila kuaga, akauvuta mlango nyuma yake, na kitasa kikaingia mahali pake.